Maziwa ni ya ndama na ya watoto, si ya kasuku



Kuko swali moja ambalo naulizwa mara nyingi kwenye vituo vya kukusanya maziwa, kisha mabido kupimwa na lita kuandikwa. Mtu anabaki nyuma, anangoja wengine waende, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Agronome, kasuku yangu anapendaka maziwa. Niendelee kumupa?" Mwingine anauliza juu ya fromaji. Mwingine anauliza juu ya mashanza, ao mkate uliolowekwa ndani ya chai ya maziwa.

Wenzake wakisikia wanacheka. Wanaona ni swali la mtu asiye na kazi. Mimi sicheki. Nafikiri ni swali zuri, na jibu lake linatuhusu sisi sote tunaotafuta maisha kwa ng'ombe. Jibu langu ni hili: maziwa mabichi ao ya kuchemsha, maziwa ya unga na chai ya maziwa, usimpe kasuku hata kidogo. Fromaji na mashanza, kidogo sana haitamuua, lakini hana lazima nayo. Na ile sababu ambayo inafanya watu wengi wampe maziwa, yaani kutafuta nguvu ya mifupa, iko na dawa nyingine ya bei ndogo zaidi, ambayo tunaitupaka kila siku kwenye jalala.

Naomba mnisikilize hatua kwa hatua.

Maziwa yalitengenezwa kwa nani?

Ng'ombe ananyonyesha, mbuzi ananyonyesha, mbwa ananyonyesha, mwanadamu ananyonyesha. Ndani ya maziwa yao kuko sukari ya pekee, inaitwa laktozi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe iko na karibu gramu 45 mpaka 50 za sukari hiyo. Ili tumbo liweze kuitumia, lazima kwanza ikatwe vipande viwili. Kisu kinachoikata kinaitwa laktazi. Ndama anazaliwa nacho, mtoto wetu anazaliwa nacho.

Ndege hanyonyeshi. Kasuku mama analisha watoto wake kwa kutapika ndani ya midomo yao chakula alichokwisha kulainisha. Toka siku anatoka kwenye yai mpaka anazeeka, kasuku hakutani na laktozi. Kwa hiyo mwili wake hauna kile kisu cha kutosha cha kuikata.

Kuko mtu atasema: "Lakini njiwa analishaka watoto na maziwa!" Ni kweli, njiwa wanatoa kitu cheupe kwenye koo na watu wanakiita maziwa ya njiwa. Lakini ni jina tu. Kile kitu ni mafuta na protini, hakina laktozi sawa maziwa ya ng'ombe.

Sasa laktozi isiyokatwa inaenda wapi? Inashuka mpaka kwenye utumbo wa chini. Kule inavuta maji kutoka mwilini, na vijidudu vinaichachusha, vinatoa gesi. Tumbo linajaa, ndege anahara. Hata kati yetu watu wakubwa, wengi mnajua jambo hili: mtu anakunywa glasi ya maziwa asubuhi, kufika saa sita tumbo linanguruma. Ni sababu ileile. Tofauti ni kwamba mwanadamu ni mkubwa, anaweza kupoteza maji kidogo na kuendelea na kazi. Ndege mdogo akipoteza maji siku moja ao mbili, yuko hatarini.

"Lakini anapenda"

Hili njo neno ninalolisikia zaidi. Ndiyo, anapenda. Mtoto pia anapenda bonbon, na mbuzi anapenda majani ya mahindi ya jirani. Kupenda si ushuhuda kwamba mwili unaweza. Kasuku ni ndege mwenye akili nyingi. Anataka kile anachoona wewe unakula. Ukikunywa chai ya maziwa, atataka chai ya maziwa. Ukikunywa pombe, atataka pombe. Hachagui juu ya afya, anachagua juu ya urafiki.

Tusisahau pia uzito. Kasuku wetu wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, anapima karibu gramu 400 mpaka 500. Tuseme gramu 450. Mtu wa kilo 63 anamzidi mara 140. Ukimpa kijiko kimoja cha supu cha maziwa, ni sawa vile wewe ungekunywa lita 2 na zaidi kwa mara moja. Ukimpa kipande cha fromaji cha gramu 10, ni sawa vile wewe ungekula kilo 1 na gramu 400 za fromaji. Na kama fromaji ile iko na gramu 2 za chumvi ndani ya gramu 100, basi ni sawa vile ungelamba karibu vijiko vitano vya chai vya chumvi. Nani kati yetu angefanya vile na kusema ni zawadi?

Kila kitu cha maziwa na hukumu yake

Maziwa yote si sawa, kwa hiyo nayatenganisha.

Maziwa mabichi na ya kuchemsha: hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, na njo sababu tunawaomba mchemshe maziwa ya watoto. Lakini moto hauondoi laktozi. Tena, maziwa yakiachwa kwenye kikopo ndani ya kizimba, kwa joto la mchana yanaharibika kwa saa chache, na ndege anaendelea kuyanywa.

Maziwa ya unga: hapana kabisa. Maji yametolewa, sukari imebaki. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa ule unga ni laktozi. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari ni mabaya vilevile.

Chai ya maziwa na kahawa ya maziwa: hapana mara mbili. Mbali na maziwa, kahawa na chai ziko na kafeini inayokimbiza moyo wa ndege. Chokoleti pia ni sumu kwake.

Mashanza na yaurti: hapa vijidudu vizuri vimekwisha kula sehemu ya laktozi, lakini si yote. Ncha ya kijiko, bila sukari, mara moja moja, ndege mzima anaweza kuvumilia. Yaurti ya duka yenye sukari na rangi, hapana.

Fromaji: wakati tunakamua fromaji, sehemu kubwa ya laktozi inatoka pamoja na maji. Inayobaki inaliwa na vijidudu wakati fromaji inakomaa. Kwa hiyo fromaji ngumu iliyokomaa, sawa zile nzuri za Masisi, haina laktozi ya kuogopesha. Tatizo lake ni chumvi na mafuta. Chembe ya ukubwa wa punje ya mahindi, mara moja moja, haitaleta msiba. Kipande cha kila asubuhi kitamnenepesha na kuchosha mafigo yake. Fromaji laini ya siku moja ao mbili bado iko na laktozi, iacheni.

Siagi na krimu: ni mafuta tu. Hapana.

Maji yanayobaki kisha kukamua fromaji: laktozi nyingi imekimbilia humo. Usimpe kasuku, na usijaze nayo kinyweo cha kuku wako. Wale waliojaribu kuwapa kuku maji hayo kwa wingi wanajua banda lilivyolowa. Nguruwe njo anayatumia vizuri, mpelekee yeye.

Hoja ya mifupa

Kuko hoja moja ya wanaotetea maziwa ambayo naiheshimu. Wanasema: "Kasuku yangu alianguka kwenye kijiti, akatetemeka sawa mtu wa kifafa. Veterineri alisema ni kalsiamu inakosekana. Na maziwa iko na kalsiamu. Sasa makosa yangu iko wapi?"

Veterineri alisema kweli. Kasuku wa kijivu anajulikana ulimwenguni kote kwa ugonjwa huo. Kalsiamu ikishuka ndani ya damu yake, anatetemeka, anaanguka, anaweza kufa. Inatokea zaidi kwa wale wanaolishwa mbegu tupu: mahindi na karanga, karanga na mahindi, mwaka mzima. Mbegu hizo ziko na kalsiamu kidogo sana. Na wale wanaofungiwa ndani ya nyumba pasipo jua wanapata shida zaidi, kwa sababu jua njo linasaidia mwili kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu haiingii vizuri.

Kwa hiyo ugonjwa ni wa kweli. Dawa njo si ile. Tupige hesabu pamoja. Lita moja ya maziwa iko na karibu gramu 1.2 za kalsiamu. Ganda la yai la kuku, karibu asilimia 38 ya uzito wake ni kalsiamu. Maana yake gramu 1 ya unga wa ganda la yai iko na kalsiamu sawa na mililita 300 za maziwa. Ganda la yai moja, lenye kupima gramu 5 ao 6, linapita lita moja na nusu ya maziwa! Na ganda halina laktozi, halina chumvi nyingi, halina mafuta, na halikuombi franga hata moja.

Namna ya kulitayarisha: osha maganda, yachemshe dakika 10, yaanike mpaka yakauke vizuri, yasage kwenye kinu mpaka yawe unga. Nyunyiza kidogo tu, kile vidole viwili vinaweza kushika, juu ya chakula chake mara mbili ao tatu kwa juma. Halafu peleka kizimba nje asubuhi, jua likiwa bado pole, na uache sehemu moja yenye kivuli ili akichoka na jua ajifiche. Kioo cha dirisha hakitoshi, kwa sababu kinazuia ile nguvu ya jua inayotakiwa.

Lakini ndege aliyekwisha kutetemeka ao kuanguka, usingoje unga wa maganda umponye. Huyo ni wa veterineri, siku ileile.

Huko msituni kasuku hafundishwi na mtu, lakini anajua. Anakula matunda ya mawese, mbegu na matunda mengi ya miti, na makundi yao yanashuka kwenye maeneo ya wazi ili kula udongo wenye madini. Hatafuti ng'ombe.

Basi tumpe nini?

Majani mabichi yaliyooshwa: choux, moringa, majani ya karoti. Lenga-lenga kidogo, si kila siku. Karoti, boga, papai, ndizi kidogo, tunda la mawese. Maharagi yaliyopikwa vizuri bila chumvi. Yai la kuchemsha, kipande kidogo mara moja kwa juma. Mahindi na karanga ziwepo lakini zisiwe chakula chote, na ziwe safi. Karanga yenye kuvu, ile chungu na nyeusi, iko na sumu inayoua ini la ndege kama inavyoharibu la kwetu. Usiseme: "Hii imeoza, tupee kasuku."

Kuko vitu viwili ambavyo naomba kila nyumba ivikumbuke, juu vinapatikana karibu kila mahali kwetu. Cha kwanza ni avoka. Kwetu inaanguka chini mpaka tunaikanyaga, na watu wanaona ni chakula laini kizuri kwa ndege. Avoka ni sumu kwa kasuku: nyama yake, ngozi, kokwa na majani. Inashambulia moyo na mapafu, na ndege anaweza kufa kwa siku moja ao mbili. Cha pili ni majani mabichi ya muhogo. Sombe tunayoila sisi imetwangwa na kupikwa muda mrefu ili sumu itoke. Ndege asipewe majani mabichi.

Akigonjwa, tusitafute mchawi

Naandika hili kwa uzito. Ndege akifa ghafla ndani ya nyumba, mara nyingi maneno yanaanza: nani alipita hapa jana, nani alimupatia chakula, ni karuho. Majirani wanaacha kusalimiana juu ya jambo ambalo lilitoka kwenye kikopo cha maziwa ao kipande cha avoka.

Jifunzeni kuangalia mavi yake. Mavi ya kasuku mzima yako na sehemu tatu: ile ngumu ya kijani ao kahawia, ile nyeupe, na maji safi. Akila papai ao tunda lenye maji, maji yataongezeka, hiyo si kuhara. Kuhara ni wakati ile sehemu ngumu inapoteza umbo na kuwa uji. Ukiona vile, ukaona amevimbisha manyoya, amelala mchana, amekataa kula, ondoa maziwa na vyakula vyote vya ajabu, mpe maji safi, mweke mahali penye joto, na umwite veterineri siku ileile. Ndege anaficha ugonjwa. Wakati unauona, umekwisha kukaa.

Na jilindeni wenyewe. Kasuku anaweza kuwa na ugonjwa unaopita kwa vumbi la mavi yake yaliyokauka na kuleta homa na kikohozi kwa watu. Lowesha mavi kabla ya kufagia, nawa mikono, usimlishe toka mdomoni mwako, kizimba kisikae jikoni ao mahali watoto wanalala. Ukipata homa na kikohozi, mwambie munganga kwamba nyumbani kuko kasuku. Ugonjwa huu uko na dawa kama unajulikana mapema.

Neno ambalo halitapendwa na wote

Siwezi kuongea juu ya chakula cha kasuku nikanyamaza juu ya mahali alipotoka. Kasuku wa kijivu anayeuzwa kwenye soko zetu hakuzalishwa kwenye banda. Alikamatwa msituni, Maniema, Tshopo na kwingine, mara nyingi kwa urimbo, na wenzake wengi walikufa njiani. Anataga mayai machache, kwa kawaida 2 mpaka 4, ndani ya tundu la mti mkubwa. Hawezi kurudisha haraka idadi tunayoondoa. Tangu Januari 2017, mataifa yalikubaliana ndani ya mkataba wa CITES kwamba kasuku wa kijivu wa porini hauzwi tena kibiashara kati ya nchi na nchi. Nchi yetu pia iko na sheria ya 2014 juu ya kulinda maumbile, na mwenye kukamata ao kuuza mnyama anayelindwa anaweza kuadhibiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa ni kwa yule ambaye tayari ako na kasuku ndani ya nyumba. Mtunze vizuri, maana anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Usimwachilie tu kwenye migomba. Atakufa kwa njaa ao kwa mawe ya watoto. Ukishindwa, uliza watu wa ICCN. Huko Lwiro, karibu na Kavumu, kuko kituo kinachotunza sokwe na nyani, nacho kinapokea pia kasuku walionyang'anywa wafanya biashara. Lakini usinunue mwingine. Kila anayenunuliwa anaita mwingine kukamatwa.

Inatuhusu nini sisi wa maziwa?

Kuko mwanamemba mmoja aliniambia: "Agronome, wewe unapunguza soko. Acha watu wanunue maziwa, hata kama ni ya ndege." Sikubali. Koperative yenye heshima inajua kitu chake kinafaa nini na hakifai nini. Tunapouza mbegu tunasema: hii ni ya bonde, hii ni ya mlima. Tunapouza dawa ya mimea tunasema: hii si ya maharagi. Kwa nini maziwa yawe dawa ya kila kitu? Mteja akiona tumemwambia kweli juu ya kasuku wake, atatuamini tutakapomwambia kwamba maziwa haya yamechemshwa na hayakuongezwa maji.

Tena kijiko kinachotoka kwa kasuku hakipotei. Ndani ya nyumba nyingi ambamo ndege anapewa maziwa asubuhi, kuko mtoto wa miaka miwili ao mitatu anayekunywa chai nyeusi. Huyo ako na kile kisu cha kukata laktozi, ako na mifupa inayokua, na meno yanayotoka. Maziwa yaende kwake.

Naomba basi kila koperative, kwenye mkutano wake unaokuja, iongee dakika tano tu juu ya jambo hili: maziwa kwa mtoto, maji ya fromaji kwa nguruwe, ganda la yai kwa kasuku, avoka mbali na kizimba. Na wale watakaopata tatizo na ndege wao, waulize veterineri wa eneo kabla ya kusikiliza maneno ya njiani.